BWANA SHAMBA NA WEWE: Karatasi ya Kuchezea na Karatasi ya Kutunza

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tuzungumze juu ya watoto wadogo na karatasi.

Najua utasema, "Bwana shamba naye! Karatasi na kilimo, wapi na wapi?" Nivumilie. Jambo hili lilitaka kumpotezea mzee mmoja fedha za pamba yake. Na aliyelianzisha ni mimi.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Machi, nilikwenda kuangalia palizi katika shamba la mzee huyo. Mvua kubwa ikanikamata. Nikaegesha pikipiki, nikakaa barazani kwake. Wajukuu zake watatu walikuwa hapo. Walikuwa wakigombana, maana hawakuwa na la kufanya. Mkubwa wao alikuwa na miaka sita, bado hajaanza shule.

Nilikuwa na daftari langu la zamani. Nikachana ukurasa mmoja uliokwisha kazi. Nikaukunja, nikatengeneza mashua. Mtoto akaiweka kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakipita mbele ya baraza. Mashua ikaenda! Wote watatu wakaifuata wakipiga kelele. Wakarudi wakataka nyingine. Mvua ilipokatika, yule wa miaka sita alikuwa anajua kukunja mwenyewe.

Michezo hii ya kukunja karatasi ni ya zamani sana. Wajapani wanaipenda mno. Wao huiita origami, maana yake ni kukunja karatasi. Huko Ujerumani, mwaka 1837, mwalimu Friedrich Fröbel alifungua mahali pa kufundishia watoto wadogo katika mji wa Blankenburg. Kukunja karatasi kukawa moja ya kazi walizopewa watoto katika shule za namna yake. Walimu hao waliona kwamba vidole vya mtoto vinataka mazoezi. Vidole vilivyozoea kukunja sawasawa havitapata taabu sana kushika penseli.

Nitakueleza michezo mitatu. Soma hatua moja, ifanye, kisha soma hatua nyingine. Usisome yote kwa mara moja, utachanganyikiwa. Jaribu kwanza peke yako usiku, watoto wakilala. Watoto hawapendi kumngoja mtu mzima anayebabaika.

KICHWA CHA MBWA

Huu ni wa mtoto wa miaka minne hivi. Unataka karatasi yenye pande nne zilizo sawa. Kurasa za daftari si sawa, ni ndefu. Basi fanya hivi. Shika pembe moja ya juu. Ilete chini mpaka ukingo wa juu ulale juu ya ukingo wa upande. Utapata umbo la pembetatu, na chini yake kipande kilichobaki. Kikunje kipande hicho, ukikate. Fungua karatasi. Sasa pande zote ni sawa.

Kunja tena pembetatu ile ile. Iweke mezani, upande mrefu uwe juu na ncha iwe chini, ikikutazama wewe. Shika pembe ya juu ya kulia, uikunje kuelekea chini. Hilo ni sikio. Fanya hivyo na pembe ya kushoto. Sasa kunja ncha ya chini kidogo tu kwenda juu. Hiyo ni pua. Chora macho kwa mkaa. Basi.

Ukisimamisha masikio badala ya kuyalaza, atakuwa paka. Watoto wa mzee yule walisema ni fisi. Nikakubali.

KOFIA

Chukua karatasi ndefu. Kwa kofia ya kuvaa mtoto, ukurasa mzima wa gazeti unafaa. Ikunje katikati. Ukingo mfupi wa juu uje juu ya ukingo mfupi wa chini. Mkunjo uwe juu. Sasa shika pembe mbili za juu, moja kwa kila mkono. Zilete katikati mpaka zikutane. Umepata kitu kama paa la nyumba. Chini yake pamebaki kipande kirefu, tena cha karatasi mbili. Kunja kimoja kwenda juu upande wa mbele. Geuza. Kunja cha pili kwenda juu upande wa nyuma. Fungua chini kwa vidole. Mvalishe mtoto.

MASHUA

Ukishajua kofia, umekwisha pata nusu ya mashua. Hapa ndipo watu wengi hukwama, basi nitakwenda polepole.

Shika kofia. Ingiza vidole gumba ndani yake. Vuta katikati, mbele kwako na nyuma mbali nawe, kofia ipanuke. Endelea kuvuta mpaka ncha mbili za pembeni zikutane. Ilaze iwe bapa. Sasa una umbo la pande nne, limesimama kwa pembe yake. Ncha moja iko juu, moja chini. Vile vipembe vya vipande vya chini vitapishana. Kiingize kimoja chini ya kingine, visikusumbue.

Tazama ncha ya chini. Ni mbili, moja mbele na moja nyuma. Ya mbele ikunje mpaka ifike juu kabisa. Geuza. Na ya nyuma ikunje hivyo hivyo. Umepata pembetatu.

Rudia kama mwanzo. Ingiza vidole gumba ndani, panua, vuta, ncha za pembeni zikutane, ilaze bapa. Una umbo la pande nne tena, dogo zaidi.

Sasa ndiyo hatua yenyewe. Huko juu kuna ncha mbili zimelala pamoja. Shika moja kwa mkono wa kulia na moja kwa mkono wa kushoto. Zivute polepole, moja kulia na moja kushoto. Mashua itafunguka yenyewe, na tanga lake katikati. Panua chini kidogo isimame. Mara ya kwanza karatasi huweza kuchanika hapa. Usikasirike, chukua nyingine.

Ielee wapi? Kwenye karai au beseni, na mtu mzima awe karibu. Usiwaache watoto wapeleke mashua lamboni, mtoni au kisimani. Mtoto akiinama kufuata mashua yake haangalii miguu yake.

Mtoto akikunja, zungumza naye. Mwambie, "Kunja katikati. Sasa una nusu. Kunja tena. Sasa una robo." Atayajua maneno hayo kabla mwalimu hajayaandika ubaoni.

Na hapa niseme kidogo juu ya watu wazima. Wengi wetu twapima eka kwa hatua 70 kwa hatua 70. Sasa mtu akitaka kulimiwa nusu eka, hupima hatua 35 kwa hatua 35. Amekosea! Nimewaona wakulima wakigombana na vibarua kwa sababu hiyo. Chukua karatasi yenye pande sawa. Sema hiyo ni eka moja. Ikunje mara moja katikati. Hiyo ni nusu eka, hatua 70 kwa hatua 35. Ikunje mara ya pili, uvuke mkunjo wa kwanza. Sasa ni hatua 35 kwa hatua 35. Fungua uhesabu vyumba. Ni vinne. Basi 35 kwa 35 ni robo eka. Aliyelipa fedha za nusu eka amelipa mara mbili, na aliyetia mbolea ya nusu eka hapo ameimwaga mara mbili. Mimi nimesomea kilimo chuoni nikapata cheti, lakini kwa jambo hili karatasi iliyokunjwa hufundisha vizuri kuliko maneno yangu.

MASHUA YA STAKABADHI

Sasa turudi kwa yule mzee.

Mwezi wa Julai aliuza pamba yake kwenye chama. Akapewa stakabadhi, aingoje siku ya malipo. Akaiweka juu ya meza, chini ya taa. Mchana akaenda kuchunga. Yule mjukuu wa miaka sita akaiona. Karatasi nzuri, nyembamba, ndefu kidogo. Inafaa kabisa! Akakunja kama nilivyomfundisha. Akaielea kwenye karai la kufulia nguo.

Mzee aliporudi jioni aliikuta bado inaelea. Akaitoa, akaifungua, akaianika juu ya bati. Ilipokauka, muhuri ulikuwa doa la bluu. Hesabu ya kilo haikuonekana hata kidogo.

Alitaka kumchapa mtoto. Nilifika kesho yake asubuhi kwa kazi nyingine, nikakuta hali ndiyo hiyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, usimchape. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba karatasi ni mashua. Sikumfundisha kwamba karatasi nyingine si mashua." Mzee hakunijibu. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, tukaenda wote wawili kwenye chama.

Karani alikuwa na nakala katika kitabu chake. Lakini karatasi ya kaboni ilikuwa imechoka, maandishi yakawa hafifu. Tarakimu ya kwanza ilionekana ni 2. Ya mwisho ilionekana ni 4. Ya katikati haikujulikana kama ni 1 au 7. Karani akasema ni kilo 214. Mzee akasema ni kilo 274. Kilo 60 za pamba si mchezo, ndugu msomaji. Fikiria siku za kuzichuma peke yake.

Mzee akasema, "Nimeiandika mlangoni."

Kweli alikuwa ameiandika. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akiandika kila kitu kwa chaki nyuma ya mlango wake. Ng'ombe aliyezaa, siku gani. Jirani aliyeazima jembe. Kilo za pamba. Karani akacheka kidogo, akasema maandishi ya mlangoni si stakabadhi. Naye alisema kweli.

Lakini mzee hakuondoka. Alisema kwamba mifuko yake ilikuwa mitatu, na kila mmoja aliusoma mwenyewe kwenye mizani. Akaitaja: 92, 95, 87. Ndipo katibu wa chama akaleta daftari la mizani, yaani lile wanaloandika kila mfuko unapopimwa. Wakatafuta tarehe. Wakakuta 92, 95 na 87. Wakajumlisha. Kilo 274.

Malipo yalitoka baada ya wiki tatu, pamoja na ya wenzake. Wiki tatu hizo sikupita njia ile kwa raha. Nilikuwa nimekwenda kijijini pale kuongeza mavuno, si kuyapunguza.

Tangu hapo nikifundisha watoto kukunja karatasi, hutafuta kwanza mtu anayejua kusoma katika nyumba ile. Mtoto asiyejua kusoma huona karatasi zote ni sawa. Hawezi kujua ipi ni fedha na ipi ni takataka. Kumfokea haitoshi. Lazima awepo mtu wa kuzitenganisha, na mtu huyo, ndugu msomaji, ni wewe unayesoma gazeti hili.

Fanya kazi hiyo Jumapili moja. Toa karatasi zote zilizo ndani. Zilizo chini ya godoro, kwenye mbavu za paa, ndani ya makopo. Soma moja moja. Kadi ya kliniki ya mtoto ni ya kutunza. Cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, stakabadhi, risiti ya mbolea, kadi ya bima, vyote ni vya kutunza. Ukiwa na mashaka juu ya karatasi fulani, itunze mpaka upate wa kumuuliza. Viweke pamoja katika kopo la bati lenye mfuniko, panya na mchwa wasiingie, na kopo liwe juu mtoto asikofika. Tena fanya kama mzee yule. Namba iliyo muhimu iandike mahali pa pili.

Karatasi za kuchezea ni zilizokwisha kazi. Madaftari ya shule ya mwaka uliopita, lakini muulize kwanza mwenye daftari. Kalenda ya zamani ina karatasi ngumu, nzuri kwa kichwa cha mbwa. Magazeti. Kurasa za vitabu vya dini zilizochanika usimpe mtoto akunje, maana utamkwaza babu au jirani bure. Weka za kuchezea katika kikapu chao, chini, watoto wakifikie. Waambie hivi: karatasi isiyo ndani ya kikapu haikunjwi.

KARATASI AMBAYO SI YA MTU

Iko karatasi ya namna ya tatu, nayo ndiyo inayoninyima usingizi mimi bwana shamba.

Siku moja nilimkuta mtoto amevaa kofia nzuri ya karatasi ngumu. Nikamsifu. Nikasogea karibu. Kofia ilikuwa imekunjwa kwa mfuko wa mbegu za mahindi, na kwa ndani ilikuwa na unga wa rangi nyekundu. Unga ule ulikuwa umeshuka kwenye paji la uso wake kwa jasho.

Mbegu nyingi za mahindi za dukani hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Hutiwa rangi ili mtu ajue kwamba hazifai kuliwa. Dawa ile hubaki ndani ya mfuko hata mbegu zikiisha. Mtoto mdogo anapokunja karatasi hulamba vidole ili ishikike. Anapochoka huitia mdomoni. Huhitaji kuambiwa zaidi.

Mama wa mtoto hakujua. Aliona mfuko mzuri, mgumu, wenye picha ya hindi. Tulimvua mtoto kofia na shati, tukamwosha kichwa na mikono kwa sabuni na maji mengi. Hakupata neno. Lakini sikuondoka pale mpaka tumesoma pamoja maandishi ya mfuko ule, neno kwa neno.

Basi mifuko ya mbegu zilizopakwa dawa, na mifuko au makasha ya dawa za shambani, si ya kuchezea, si ya kufungia chumvi, si ya kuwashia moto jikoni. Tazama alama. Ukiona fuvu la kichwa na mifupa miwili, acha. Tazama pia mstari wa rangi chini ya karatasi ya maelezo. Mwekundu ni sumu kali kabisa. Wa njano unafuata, kisha wa bluu, kisha wa kijani. Usidanganyike na kijani. Hata hiyo ni dawa, si chakula. Soma mfuko uone unavyotakiwa kutupwa. Kama maelezo ni magumu, niulize mimi au bwana shamba wako, au muuza dawa aliyekuuzia. Mifuko ya saruji nayo iache. Vumbi la saruji huunguza ngozi na macho.

Mtoto akishika sumu, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize zahanati. Na hapo, ndugu msomaji, uende na ule mfuko au ile karatasi yenye jina la dawa, umeifunga vizuri usiishike kwa mikono mitupu. Mganga ataisoma na kujua la kufanya.

Yule mzee wa pamba bado namtembelea. Ana kopo la bati juu ya kabati. Mjukuu wake sasa yuko shuleni, na ndiye anayesoma karatasi za nyumba ile na kuzitenganisha. Mara ya mwisho nilipofika aliniomba nimfundishe kukunja ndege mwenye mabawa yanayopiga. Siwezi. Ninajifunza.

Ukurasa huu, ukishausoma wewe na jirani yako akausoma, unatosha kofia moja ya mtoto. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kupanda kwa mistari.